Keria ya Fundi Émile na kiti cha mama yake

Saa moja kasoro robo asubuhi, jua likiwa bado nyuma ya ukuta wa jirani, Émile Twizeyimana amechuchumaa uani kwake, mtaa wa Majengo mjini Goma, ananyoosha misumari. Kila mmoja anaulaza juu ya jiwe jeusi la volkano, anaugonga mara mbili, anaugeuza, anaugonga tena, kisha anautupa kwenye kopo la maziwa ya unga.

Misumari hiyo imetoka kwenye nyumba ya mbao aliyoibomoa jana. Leo mchana itashikilia nyumba nyingine.

"Kilo ya misumari mipya ni dola mbili na nusu," anasema bila kuinua macho. "Hii ni bure. Inataka tu mutu asiye na haraka."

Émile ana miaka hamsini na mmoja. Kwa miaka ishirini na sita amekuwa fundi wa nyumba za mbao, zile zinazosimama juu ya mawe ya lava kuanzia hapa mjini hadi Kibati. Kwa hesabu yake amejenga zaidi ya mia mbili. Moja aliijenga mara tatu, kwa mwenye nyumba yuleyule, kwa sababu kila alipohama kiwanja alihama na nyumba yake.

Nyumba ya vyumba viwili inamchukua siku tisa, akiwa na mwenzake mmoja. Analipwa dola mia moja na hamsini, wanagawana. Kuna miezi anajenga mbili, na kuna miezi haitwi na mtu.

Lakini ukiuliza habari zake mtaani siku hizi, nyumba hazitajwi. Watu wanatabasamu kwanza, kisha wanauliza, "Yule wa keria?"

Keria ni kile kitanda cha chuma kinachokaa juu ya paa la gari ili kifungiwe mizigo. Hapa Goma wengi wanakiita galeri. Namna fundi mwenye busara zake alivyotafuta keria ya bei nafuu kwa wiki tatu ni habari ambayo Majengo yote inaijua, na kila anayeisimulia anaongeza kidogo. Hii ni ya Émile mwenyewe, na mkewe Dative alikuwapo kumsahihisha.

Ilianza kwa furaha. Henriette, binti yao wa kwanza, aliyeolewa Kalengera kwenye barabara ya Rutshuru, alijifungua mtoto wa kike. Jina lake Gisubizo.

Kwa familia za huko, mtoto akizaliwa, watu wa upande wa mama yake wanakwenda *guhemba*, yaani kumpongeza mzazi na kumtia nguvu. Mikono haiendi mitupu. Dative aliandaa unga wa mtama wa uji, sukari, mchele, sabuni, vitenge viwili, beseni, kigodoro cha mtoto na kreti ya soda.

Gari walikuwa nalo. Ni gari dogo jeupe la Kijapani, ambalo mteja mmoja aliyehamia Butembo alimwachia Émile kama malipo ya nyumba. Lina viti vitano. Nyuma wangekaa Dative na watoto watatu walio bado nyumbani, Benny, Louise na mdogo wao Paulin, huyu akipakatwa. Mbele, pembeni ya Émile, angekaa mama yake.

Mama Nyiramahirwe ana miaka sabini na tisa. Wajukuu wanamwita Nyogokuru, yaani bibi. Goti lake la kulia halikunjiki vizuri, na kiti cha mbele ndicho pekee kinachomruhusu kulinyoosha. Kwenye basi hawezi.

Dative alipanga mizigo kwa majaribio mara nne. Mara zote nne buti lilijaa, na kreti na beseni na kigodoro vikaishia kwenye kiti cha mbele.

"Nyogokuru ataona picha kwenye simu," alisema Benny, ambaye ana miaka kumi na sita na simu.

Mama Nyiramahirwe hakusema neno. Alinyamaza chakula cha mchana, akanyamaza cha jioni.

"Mama akikasirika anasema," anaeleza Dative. "Akinyamaza, hapo ndipo unaogopa."

Si kwamba ni mgumu. Wajukuu wake kumi na mmoja, wote aliwashika kabla hawajatimiza mwezi. Huyu wa Kalengera ni kitukuu wake wa kwanza, na Henriette ndiye mjukuu aliyelala naye kitanda kimoja mwaka ule lava ilipochukua nyumba yao ya kwanza.

Usiku uleule Émile alikwenda kuketi karibu naye. "Mama," alimwambia, "kiti chako ni kile cha mbele. Mizigo itapanda juu."

Alikuwa na dola arobaini.

Kesho yake aliingia duka la vifaa vya magari katikati ya mji. Muuzaji alimletea keria mpya, nyepesi kama fimbo ya mwanzi, yenye kufuli na funguo mbili. Bei, dola mia mbili na ishirini.

Émile aliizunguka. "Na bila funguo?" aliuliza.

Muuzaji alicheka mpaka akakaa. Alipomaliza, alimpa Émile naye kiti, akamletea maji ya kunywa, na kwenye kipande cha boksi akamchorea njia ya kwenda kwa Laurent, anayeuza vipuri vilivyovuliwa kwenye magari mabovu. Émile bado anacho kipande hicho. Anasema mtu aliyekataa bei yako halafu akakuchorea njia ya kwenda kwa mwingine, huyo ni mtu wa kusalimiwa kila unapopita.

Laurent alikuwa na keria moja, iliyotoka kwenye jeep kubwa. Dola themanini. Waliipandisha juu ya gari jeupe kuijaribu, nayo ikazidi kila upande kwa mkono mzima, kama kofia ya baba kwenye kichwa cha mtoto.

"Ukienda polepole haitaonekana," alisema Laurent.

"Haitaonekana na nani?"

"Bon, papa. Lakini ona, jua likiwaka, hata wanaotembea pembeni watapata kivuli."

Mlango wa tatu ulikuwa wa Mulumeoderhwa, fundi wa kuchomelea vyuma aliyetoka Bukavu miaka mingi iliyopita. Huyo hakutaja bei kwanza. Aligonga paa la gari kwa kifundo cha kidole, akatega sikio, akagonga tena, kama daktari na kifua cha mgonjwa.

"Muzee, hili paa ni la kilo soixante," alisema. "Sitini. Hata nikikutengenezea keria ya kubeba tembo, paa litabaki la sitini. Na uzito wa keria yenyewe unahesabiwa humo ndani." Kisha akasema kwamba angeitengeneza kwa bomba jembamba, isizidi kilo kumi, kwa dola sitini na tano.

Émile anakiri kwamba maneno ya katikati hayakumfikia. "Nilisikia bei tu. Baada ya hapo masikio yalifungwa."

Njiani kurudi ndipo lilipomjia wazo. Mtu amejenga nyumba mia mbili. Atashindwa kitanda kidogo cha kuweka juu ya gari?

Alichukua mbao alizokuwa nazo, akajenga siku nne. Tatizo ni kwamba alijenga kama anavyojenga siku zote. Nyumba ya Goma lazima ivumilie upepo na matetemeko, kwa hiyo keria ilipata mbao za mshazari kila kona. Nyumba lazima ivumilie mvua, kwa hiyo ilipata mteremko kidogo upande wa nyuma. Misumari ilipigwa mpaka ikatokea upande wa pili, ikakunjwa.

Majengo haikukaa kimya.

"Papa Émile, hiyo etaji, hiyo ghorofa yako, utapangisha kwa bei gani?" aliuliza mmoja juu ya ukuta.

"Iko na choo?" aliuliza mwingine.

Donatille, jirani anayekaanga maandazi, alikuja na sahani iliyofunikwa. "Ni ya mupangaji mupya," alisema. "Mwambie karibu Majengo."

Émile alikula maandazi, akaendelea kupiga misumari.

Siku ya kuipandisha walihitajika wanaume wanne kuitoa uani hadi lilikoegeshwa gari, na walipofika nusu ya njia waliishusha wapumzike. Walikuwa mbele ya duka la Kahindo, mwanamke wa Butembo anayeuza viazi kwa magunia na ana mizani kubwa.

"Papa Émile, na tuipime kwanza," alisema Kahindo kwa upole.

Mizani ilionyesha kilo sabini na moja.

Hapo ndipo yale maneno ya katikati ya Mulumeoderhwa yalipomrudia Émile, yote, moja baada ya jingine. Paa ni la sitini. Uzito wa keria unahesabiwa humo. "Keria ilikuwa imejaa," anasema, "na hatujaweka hata kipande cha sabuni."

Kahindo hakucheka. Aligeuka, akaingia nyuma ya duka, akakaa huko kama dakika mbili. Aliporudi macho yalikuwa yamelowa. Dative anaamini alikuwa anacheka. Kahindo mwenyewe, akiulizwa, anasema alikuwa anakata vitunguu. Dukani kwake hauzi vitunguu, na jikoni kwake ni mtaa mwingine.

Kisha aliizunguka ile kazi ya siku nne, akaitikisa. Haikutikisika.

"Hii siyo galeri," alisema. "Hii ni meza ya viazi. Mvua ikinyesha viazi vyangu viko chini vinaoza, nami natafuta fundi. Weka miguu, nitakupa dola ishirini."

Émile anajua kwamba Kahindo hakuwa anatafuta fundi. Angekuwa anamtafuta, angevuka barabara tu. Aliweka miguu jioni ileile, na akaongeza rafu ya chini ambayo hakuombwa.

Sasa alikuwa na dola sitini. Mulumeoderhwa alipoambiwa kwamba tano zimepungua, aliinua macho kwenye dari ya karakana yake, ambako mvua ilikuwa imeshajifungulia dirisha. Émile aliziba kwa mbao mbili siku iliyofuata. Keria ikawa tayari Alhamisi: bomba jembamba, rangi nyeusi, kilo tisa na nusu. Pembeni yake Mulumeoderhwa aliandika kwa rangi nyeupe, herufi kubwa, *KILO 50*.

"Na ukiwa mahali pasipo na mizani," alimwambia, "fungua na ufunge milango. Mulango ukianza kukwama, paa linakuambia basi. Ulisikilize."

Safari ilikuwa Jumamosi saa moja. Mama Nyiramahirwe alikuwa ameketi kwenye kiti cha mbele tangu saa kumi na moja, amefunga mkanda. Miguuni aliweka furushi lake la kitenge. Alikataa lipandishwe juu.

Benny alijaribu kulisogeza. "Nyogokuru, umebeba mawe?"

"Nguo za kanisa," alijibu.

Walipita Kibati mwendo wa pole, malori yakiwapigia honi. Rumangabo walisimama kukaza kamba. Keria haikutoa hata mlio. Émile anasema alikuwa akimtazama mama yake kwa pembe ya jicho, ameunyoosha mguu wake mbaya mpaka mwisho, akihesabu vijiji kwa sauti ndogo, naye akajiona tajiri.

Kalengera walipokelewa kwa vigelegele. Mama Nyiramahirwe aliwekewa mkeka na mto wa kuegemea, akapewa Gisubizo mikononi. Hakusema kitu nusu saa nzima. Lakini hiki kilikuwa kimya kingine, na hakuna aliyekiogopa.

Kosa lilijitokeza saa tisa, walipoanza kuaga.

Familia nzima ilikuwa imepiga hesabu ya kwenda. Mizigo ya kwenda ilipimwa mpaka sabuni. Hakuna aliyepiga hesabu ya kurudi. Na wote wanajua, tangu wakiwa wadogo, kwamba aliyekuja *guhemba* hawezi kuachwa arudi na vyombo vitupu. Dative mwenyewe, mgeni akimletea sahani, hairudishi bila kitu ndani.

Ntirenganya, baba mkwe wa Henriette, ni mkulima mwenye shamba zuri na moyo mkubwa kulizidi shamba. Alisimama mbele ya keria, akasoma maandishi.

"Bamwana," alimwita Émile, kwa jina ambalo wazazi wa mume na wa mke wanaitana, "hizi kilo hamsini ni za upande gani? Kulia au kushoto?"

"Ni za keria yote, bamwana."

"Yote ya kushoto?"

Hakungoja jibu. Vilipanda viazi vitamu, ukapanda unga wa muhogo, ukapanda mkungu wa ndizi. Ndoo ya parachichi iliingia kwenye buti, na kuku wawili wakaenda miguuni kwa Louise. Émile alikuwa akizunguka gari anafungua na kufunga milango. Mkungu wa pili ulipopanda, mlango wa dereva ulikwama.

"Basi," alisema Émile. "Paa limesema."

"Limesema nini?" aliuliza Ntirenganya. Vijana wake wawili walikuwa wanatoka ghalani na gunia la maharagwe. "Haya ni ya Mama Dative. Hayapandi juu? Hakuna shida. Yakae pale." Akaonyesha kiti cha mbele.

"Hapana," alisema Émile. "Kile ni kiti cha mama."

Kukataa maharagwe ya mkwe wako, mbele ya watu wake, siku ya mtoto, si jambo la kufanya ukacheka. Vijana walisimama na gunia begani. Henriette alikuwa mlangoni, ameshika nguo yake kwa mikono miwili. Ntirenganya alitazama chini.

"Nilijua nimemuaibisha," anasema Émile. "Na mimi sikutaka. Lakini kile kiti nilikitafuta wiki tatu. Ningeweka maharagwe, mama angekaa wapi?"

Ilikuwa ni mama mwenyewe aliyejibu, kutoka kwenye mkeka, bila kumwondoa mtoto kifuani.

"Mwana wanjye, mwanangu, weka maharagwe ya watu. Mimi siendi popote."

Alimwambia Louise afungue furushi. Zilitoka nguo sita. Likatoka sweta, ndala, dawa ya goti, sabuni ya kuogea mtoto, Biblia, na shuka mbili zilizopigwa pasi.

"Mama," alisema Émile, "ulipanga kubaki?"

"Mwezi mmoja. Nani atamwosha huyu mutoto? Henriette bado anatembea ameinama."

"Na hukusema!"

"Hamkuniuliza. Mliniuliza kama nitakwenda. Nikasema nitakwenda."

Aliyeanza kucheka ni Ntirenganya, naye alicheka mpaka akashika keria ili asianguke. Kisha, bado akifuta macho, aliingia ndani akatoka na kiti chake mwenyewe, kile chenye mikono ambacho watoto wake hawakiketii, akakiweka kivulini karibu na mkeka. Akaleta na kigoda cha kuweka mguu. Hakuna aliyekuwa amemwambia habari za goti. Alikuwa ameona tu namna bibi alivyoshuka kwenye gari.

Gunia liliketi mbele. Émile alilifunga mkanda.

"Ni maharagwe ya bamwana," anaeleza. "Yangeanguka ningesema nini?"

Anasema alicheka hadi Kibati. Dative anasahihisha: alilia hadi Rumangabo, kisha ndipo akacheka. Kwake Émile hakuna tofauti kubwa. Mama yake alifika, na huko alikofika ndiko alikokuwa akihitajiwa. "Nilidhani namtafutia kiti cha matembezi," anasema. "Kumbe nilikuwa nampeleka kazini."

Tangu siku hiyo watu watatu wamekuja kumwomba ushauri wa keria. Émile hawapeleki kwenye duka la keria yenye funguo, wala hawajengei. Anawauliza kwanza wanakwenda kumtembelea nani, na mtu huyo ana shamba la ukubwa gani. Ndipo anawapeleka kwa Mulumeoderhwa.

Mwezi ule umekwisha, na Mama Nyiramahirwe ameongeza wa pili. Jioni anapiga simu kueleza kwamba Gisubizo amecheka, au ameshika kidole, au amekataa kulala mpaka aimbiwe.

Mpango wa Émile sasa ni ubatizo. Gisubizo atabatizwa Goma, katika kanisa ambalo Henriette alibatizwa. Émile atakwenda Kalengera peke yake kuwachukua. Nyuma atakaa Henriette na mumewe, na mbele mama yake, na mtoto atakuwa mikononi mwa nani hakuna anayebishania.

"Siku hiyo sitaki kurudi na hata kilo moja juu," anasema Émile, akisimama na kopo lake la misumari. "Nataka gari jepesi, niendeshe taratibu, niwasikie wanavyoongea. Keria nitaifungua niiache hapa nyumbani. Wakiona paa tupu, watafunga nini?"

Dative, anayeanika nguo upande wa pili wa ua, hageuki hata kichwa.

"Iache," anasema. "Watakufungia mbuzi kwenye kapo, palepale juu ya injini."

Émile anacheka. Kisha anakwenda mbele ya gari, anaweka kiganja juu ya kapo, anabonyeza kidogo, na kutega sikio.